Orodha za serikali za waajiri wanaoweza kukudhamini: tathmini ya Uingereza, Uholanzi, New Zealand, Ujerumani na Kanada

Katika nchi kadhaa mwajiri hawezi kumleta mfanyakazi kutoka nje kwa sababu tu amempenda kwenye usaili. Lazima kwanza yeye mwenyewe awe na kibali cha kudhamini wageni, na kibali hicho hulipiwa, hukaguliwa, na huja na masharti ya kutunza kumbukumbu. Mwajiri asiye nacho ataipokea CV yako, pengine atakusifu, halafu atakuandikia kwamba kampuni yao haidhamini. Miezi mitatu imeshapotea. Wanaoanza na matangazo ya kazi hukutana na jibu hili mara nyingi kuliko wanaoanza na orodha ya wenye vibali, na orodha hizo zipo wazi na ni bure.

Tumezipima kwa maswali matatu: inasasishwa mara ngapi, inakwambia nini hasa, na inakuficha nini. Ya Uingereza imepewa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo inayosomwa vibaya zaidi.

Uingereza

Orodha hii inaitwa Register of Licensed Sponsors: Workers. Iko kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, haidai akaunti, na husasishwa siku za kazi. Ni faili moja la CSV lenye mistari zaidi ya 100,000. Kwenye simu ni usumbufu mtupu. Lifungue kwenye kompyuta kwa Excel au Google Sheets. Pakua upya kila unapoitumia, maana nakala zinazozunguka kwenye magrupu na tovuti za watu binafsi huwa zimeshapitwa na wakati. Mwajiri aliyesimamishwa au kunyang'anywa leseni huondolewa kwenye orodha rasmi, lakini kwenye nakala ya mwaka jana bado yumo.

Safu ni tano: jina la shirika, mji, kaunti, aina na daraja, na njia ya viza. Mstari wa kawaida una jina la kampuni, Leeds, kaunti iliyoachwa wazi, kisha "Worker (A rating)" na "Skilled Worker". Basi. Hakuna barua pepe, hakuna nafasi za kazi, hakuna hata neno moja la kueleza kampuni inafanya shughuli gani.

Anza kwa kuchuja safu ya Route, yaani njia ya viza, ili ibaki Skilled Worker peke yake, ambayo ni viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Mwajiri mmoja anaweza kujirudia mistari miwili au mitatu kwa kuwa ana ruhusa ya njia kadhaa. Njia za Global Business Mobility, kwa mfano, kwa sehemu kubwa ni za watu ambao tayari wameajiriwa na kampuni hiyohiyo au ndugu yake nje ya Uingereza. Ukimwandikia mwajiri mwenye njia hiyo tu, hana la kukusaidia hata angetaka. Baada ya hapo tazama daraja. Mwenye B amekutwa na kasoro, yuko kwenye mpango wa kujirekebisha, na hawezi kutoa vyeti vya udhamini kwa wafanyakazi wapya mpaka apande tena kuwa A.

Majina ndiyo yanayowakwamisha watu wengi. Orodha hutumia jina la kisheria, si lile lililo kwenye ubao wa mlangoni. Hospitali utaitafuta usiione, kwa sababu leseni ni ya NHS Trust inayoimiliki, yaani taasisi ya huduma ya afya ya taifa. Shule nyingi ziko chini ya jina la taasisi inayoendesha shule kumi au ishirini. Mgahawa unaweza kuwa umefichwa ndani ya kampuni yenye jina lisilofanana nao kabisa, na alama T/A katikati ndiyo inayotenganisha jina la kisheria na la biashara, ikiwa mwajiri alikumbuka kuliandika. Kwa hiyo usitafute jina zima. Tafuta neno moja la pekee lililomo kwenye jina hilo, na uache Ltd au Limited, maana moja ikiandikwa badala ya nyingine hutapata kitu. Mji nao usikupoteze: mara nyingi ni wa makao makuu, wala si wa tawi utakakofanyia kazi.

Ukishapata jina, lipeleke kwenye Companies House, rejista ya makampuni ya Uingereza. Nayo ni bure. Angalia tarehe ya kuandikishwa, kama hali yake ni hai, mahesabu yake ya mwisho, na aina ya biashara iliyojaza. Kampuni iliyozaliwa miezi minane iliyopita, yenye mkurugenzi mmoja na mahesabu ya mamia ya pauni, inayodai kuajiri wahandisi sita kutoka nje, ni ya kuogopwa hata kama daraja lake ni A.

Sasa mtego mkubwa. Jina kuwamo kwenye orodha hakumaanishi kwamba kazi unayoitaka bado inadhaminiwa. Tangu 22 Julai 2025 Uingereza imefunga uajiri mpya wa wahudumu wa kutunza wazee na wagonjwa kutoka nje ya nchi, na kazi zilizo chini ya kiwango cha shahada zimeondolewa kwenye njia hii, isipokuwa zile zilizotajwa kwenye orodha maalumu. Lakini fungua faili leo: nyumba za kutunzia wazee zimejaa tele, zote daraja A. Wamebaki na leseni kwa ajili ya wafanyakazi walio tayari ndani ya nchi. Dalali anayekuonyesha mstari huo kama ushahidi anakuonyesha kitu cha kweli ili uamini uongo.

Na orodha haimzuii tapeli kuvaa jina la mwajiri halisi. Anachofanya ni kuchagua kampuni kubwa humohumo kwenye faili, kufungua anwani ya barua pepe inayofanana na ya kampuni hiyo kwa herufi moja pungufu, kisha kutuma barua ya ofa yenye nembo. Dawa yake ni kuitafuta tovuti ya kampuni wewe mwenyewe bila kubonyeza kiungo ulichotumiwa, kuona kama nafasi hiyo imetangazwa, na kupiga namba ya mapokezi iliyo kwenye tovuti hiyo.

Kabla ya kuomba, linganisha kazi na mshahara

Kila kazi ina nambari ya tarakimu nne kwenye SOC 2020, mfumo wa Uingereza wa kuainisha kazi. Waandishi wa programu za kompyuta, kwa mfano, ni 2134. Kila nambari ina kima chake cha mshahara, na tangu Julai 2025 kima cha jumla ni pauni 41,700 kwa mwaka. Unachukua kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kwa aliye chini ya miaka 26 na makundi mengine machache ya wanaoanza kazi, kima cha jumla hushuka hadi pauni 33,400. Kada kadhaa za afya na ualimu hufuata ngazi za mishahara za taifa. Kinachohesabiwa ni mshahara wa msingi uliohakikishwa kwenye mkataba. Saa za ziada hazimo. Hapa ndipo ofa nyingi zinazoonekana nzuri hufa: tangazo linasema pauni 43,000, kumbe 5,000 kati ya hizo ni bonasi.

Waajiri wengi hawamkatai mtu, wanaikataa gharama na makaratasi. Kwa hiyo mistari ya kwanza ya barua yako ifanye kazi hiyo badala yao: "Nitahitaji udhamini wa Skilled Worker. Kazi yenu iko chini ya nambari 2134, mshahara mliotangaza unavuka kima chake, na nina cheti cha Kiingereza cha B2." Kiwango hicho cha B2 kimeanza kudaiwa kwa waombaji wapya tarehe 8 Januari 2026, kabla ya hapo ilikuwa B1. Fomu ikikuuliza kama utahitaji udhamini sasa au baadaye, jibu ndiyo. Ukificha, ofa huvunjika siku ya kukagua nyaraka.

Nani analipa nini? Cheti cha Udhamini, ambacho waajiri wote hukiita CoS, ni pauni 525 tangu Aprili 2025, na ni mzigo wa mwajiri. Ada ya ujuzi, Immigration Skills Charge, ni pauni 1,320 kwa mwaka kwa mwajiri mkubwa na 480 kwa mdogo tangu Desemba 2025, na sheria inamkataza kukukata wewe. Tangu 31 Desemba 2024 haruhusiwi pia kukubebesha gharama ya leseni wala ya CoS. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia CoS, awe wakala au mwajiri mwenyewe, amevunja kanuni kabla hujapanda ndege. Kwako wewe kuna ada ya viza, ada ya huduma za afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka, ambayo hulipwa yote kwa mkupuo mmoja unapoomba, na pauni 1,270 zilizokaa benki siku 28 mfululizo. Salio likishuka chini ya hapo hata siku moja, hesabu inaanza upya. Mwajiri mwenye daraja A anaweza kukuondolea sharti hilo la akiba kwa kuthibitisha kwenye CoS kwamba atakutunza mwezi wa kwanza. Mwombe mapema, kwa sababu wengi hawakumbuki kuweka alama kwenye kisanduku hicho.

CoS si karatasi. Ni nambari ya kumbukumbu kwenye mfumo wa Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza. Anayekutumia cheti chenye mhuri na pambo la dhahabu amekutengenezea picha. Kinachotakiwa ni nambari hiyo pamoja na muhtasari wa yaliyojazwa: nambari ya SOC, mshahara, saa kwa wiki, anwani ya kazi, tarehe ya kuanza. Soma kila kimoja na ukilinganishe na mkataba. Kwa aliye nje ya nchi lazima iwe ya aina ya defined. Mwajiri akikutolea undefined, ya walio tayari ndani ya nchi, kwa kutojua, ombi litakwama. Ukishapewa, una miezi 3 ya kuitumia, na uamuzi kwa aliye nje huchukua takriban wiki 3 baada ya kuthibitisha utambulisho.

Wengine wanafanyaje

Uholanzi ina orodha ya idara ya uhamiaji, IND, ya wadhamini waliotambuliwa. Ni safi kuliko ya Uingereza kwa sababu kila jina lina namba ya KvK, ya rejista ya biashara, kwa hiyo hakuna kubahatisha jina la kisheria. Mwajiri ndiye anayewasilisha ombi, na IND hulenga kutoa uamuzi ndani ya wiki 2. Kwa mfanyakazi mwenye ujuzi wa juu, kipimo kikuu ni mshahara wa mwezi, ambao hutofautiana kwa walio chini ya miaka 30 na waliofika 30, na hubadilika kila Januari. Posho ya likizo ya asilimia 8 haihesabiwi. Ofa nyingi huitaja ndani ya jumla, kwa hiyo itoe kwanza ndipo ulinganishe.

New Zealand ilianza mfumo wake wa sasa, Accredited Employer Work Visa, tarehe 4 Julai 2022. Una ngazi tatu: mwajiri aidhinishwe, kazi yenyewe ikaguliwe, ndipo wewe uombe viza kwa kiungo anachokutumia mwajiri. Tunaupenda kwa jambo moja: kazi inakaguliwa kabla yako, kwa hiyo swali la kumuuliza mwajiri ni fupi, "Ukaguzi wa kazi umeshapita?" Jibu lisiloeleweka linatosha kukuondoa hapo.

Ujerumani haina orodha ya aina hii, na haiihitaji, kwa sababu mwajiri wa kawaida hadaiwi leseni. Uzito wote uko kwenye elimu yako. Tovuti ya serikali, Make it in Germany, ni nzuri na ina matangazo halisi, lakini kazi ngumu iko kwenye Anabin, hifadhidata inayoonyesha jinsi Ujerumani inavyovitambua vyuo na shahada za nje. Chuo chako kinatakiwa kiwe H+, yaani kinatambuliwa, na shahada yako nayo ionekane kuwa inalingana. Chapisha kurasa zote mbili. Chuo kikiwa H+ bila shahada yako kuonekana, hakitoshi. Hapo unaomba tamko la ulinganifu kutoka ZAB, ofisi ya Ujerumani inayotathmini elimu ya nje, ambalo ada yake ni euro 208. Kwa wataalamu wa TEHAMA wasio na shahada, tangu Novemba 2023 Blue Card, kibali cha ukaazi cha wataalamu, inakubali uzoefu wa miaka 3 ndani ya miaka 7 iliyopita. Mwajiri mwenye haraka anaweza kulipa euro 411 kwa utaratibu wa kasi wa kifungu 81a cha sheria ya ukaazi, na ni vyema umtajie, kwa kuwa kampuni ndogo nyingi haziujui.

Kanada ina Job Bank, tovuti ya serikali ya matangazo ya kazi, ambayo hukuwezesha kuchuja kazi zinazopokea waombaji walio nje. Mwajiri akihitaji LMIA, tathmini ya serikali ya athari za kuajiri mgeni kwenye soko la ajira, hulipa dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi, na hawezi kukudai. Faida kubwa ya Kanada ni kuwa huchapisha pia orodha ya waajiri waliokiuka masharti, kwa majina na adhabu walizopewa. Uisome kabla ya kusaini. Kosa la wengi ni kudhani LMIA bado inawaongezea pointi kwenye Express Entry, mfumo wa pointi wa kuomba ukaazi wa kudumu. Pointi hizo ziliondolewa 25 Machi 2025.

Tukirudi Uingereza, faili lile lina matumizi ya pili ambayo watu huyasahau wakishafika. Endelea kulikagua kila mwezi ukiwa kazini. Jina la mwajiri wako likitoweka, usisubiri akuambie. Leseni ikifutwa, au kazi ikiisha, Home Office kwa kawaida hufupisha viza yako hadi siku 60. Ndani ya siku hizo unatakiwa uwe na CoS ya mwajiri mwingine na ombi jipya liwe limeshawasilishwa, na kazi mpya huanzi mpaka ombi hilo likubaliwe.