Maji ya sikioni, umeme wa nyuma ya sikio au kioo cha fundi: kipi cha kulipia kwa maumivu ya mguu usiopo?

Aliyekatwa mguu au mkono, dawa za hospitali zikishindwa kumpa usingizi, atasikia vitu vitatu vikitajwa: kumiminiwa maji sikioni ili kuamsha sehemu ya sikio inayoshika mizani ya mwili, kifaa cha betri kinachopitisha umeme mdogo nyuma ya masikio, na kioo cha kujitazama. Hukumu yetu tunaitanguliza. Kioo ndicho cha kuanza nacho. Maji ya sikioni yana msingi wa kweli wa kisayansi, ila yafanywe na mtaalamu wa masikio peke yake, na anayelipa ajue kwamba analipia jaribio. Kifaa cha betri kibaki dukani.

Kabla pesa haijatoka, ijulikane kwanza ni maumivu gani. Gonga kigutu taratibu kwa ncha ya kidole, ukizunguka kovu lote. Ikiwapo sehemu moja ambayo kila ukiigonga umeme unapiga mpaka kwenye vidole visivyopo, huenda mshipa wa fahamu uliokatwa umeota kinundu, na hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji. Ngozi ikiwa nyekundu, ya moto au inatoa harufu, huenda ni maambukizi. Maumivu yanayoanza mguu wa bandia ukivaliwa na kutulia ukivuliwa mara nyingi yanatoka kwenye soketi, yaani sehemu ya mguu wa bandia inayopokea kigutu: kigutu hunywea miezi ya mwanzo, soketi inabaki na nafasi, nyama inasuguliwa. Mtaalamu wa viungo bandia ataongeza soksi au kutengeneza soketi nyingine. Maumivu yote haya maji ya sikioni hayayagusi hata kidogo, na ni vibaya mno mtu kulipia kizunguzungu wakati kinachomuumiza ni soketi.

Maumivu ya kiungo kisichopo huja hata mgonjwa akiwa amelala hajavaa chochote. Vidole vimejikunja, kifundo kimepinda, unyayo unaungua. Wala hajifanyi. Ubongo bado unayo ramani ya mguu mzima, na taarifa zinazoufikia haziendani na ramani hiyo.

Sikio linaingiaje hapo? Sikio la ndani lina mirija mitatu ya nusu duara yenye majimaji, inayoueleza ubongo kichwa kinageukaje. Taarifa zake hufika, pamoja na kwingine, kwenye eneo la ubongo liitwalo insula na jirani zake, ambako pia hushughulikiwa maumivu, joto na baridi, na hisia ya kwamba mwili huu ni wangu. Ukiutikisa mrija mmoja, unaitikisa ramani ya mwili. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na André waliwamiminia maji sikioni watu waliokatwa viungo, na wapo waliohisi kwa muda mguu usiopo ukirudi katika umbo la kawaida, bila maumivu. Muda huo ni mfupi. Hapo ndipo tumaini lilipo, na hapo ndipo mpaka wake ulipo.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Robert Bárány alipewa Tuzo ya Nobel ya 1914 kwa kazi yake juu ya mfumo huu wa sikio, na mpaka leo kliniki za masikio, pua na koo hupima kizunguzungu kwa njia yake. Ikifanywa sawasawa utaona hivi. Mgonjwa analazwa chali, kichwa kimeinuliwa nyuzi 30, kwa sababu hapo mrija wa ulalo unasimama wima na majimaji yake yanaweza kupanda au kushuka. Mtaalamu anachungulia sikio kwa otoskopu. Nta ikiwapo inatolewa, kwani ikiziba, maji hayafikii ngoma ya sikio na kipimo kinadanganya. Kisha maji ya nyuzi 30 au 44 za Selsiasi, kama mililita 250, yanapitishwa kwa sekunde 30. Nyuzi hizo zimechaguliwa kwa kuwa kila moja iko mbali na joto la mwili kwa nyuzi 7. Muda mfupi baadaye macho yanaanza kuchezacheza, mgonjwa anahisi kitanda kinazunguka, na ndani ya kama dakika mbili hali inatulia. Kati ya mmimino mmoja na mwingine zipite dakika tano hivi. Anavalishwa miwani maalumu inayomzuia kukazia macho kitu, maana jicho likipata pa kushika, macho hutulia kabla ya wakati.

Joto la jiji letu, Dar es Salaam, nalo lina lake. Maji ya simtanki lililokaa juani Februari yanaweza kuwa moto kuliko hata hizo nyuzi 30 zinazoitwa baridi. Mhudumu akichota bombani na kukadiria kwa mkono, hujui amemimina nini. Uliza kama kuna mashine inayoshika joto la maji, au angalau kipimajoto ndani ya beseni wakati ule ule. Hakuna? Usilipe. Ziko pia taratibu za maji ya barafu, mililita chache tu, na msukosuko wake ni mkali zaidi. Kwa mgonjwa ambaye hajawahi kuguswa sikio, hatuoni sababu ya kuanzia huko.

Wapo wasiofaa kabisa. Sikio linalotoa usaha au lililowahi kutoboka ngoma halimwagiwi maji. Yatapita tundu, yaamshe maambukizi, na msisimko uzidi kiasi. Kliniki yenye vifaa inaweza kutumia hewa badala ya maji. Mwenye moyo unaopiga bila mpangilio aseme mapema, maana ngozi ya tundu la sikio ina tawi la mshipa wa fahamu uitwao vagasi, na kuichokoza kunaweza kuleta kikohozi au kushusha mapigo ya moyo. Mwenye kifafa au aliyefanyiwa upasuaji wa sikio karibuni amwone daktari wake kwanza. Dawa za kizunguzungu kama sinarizini hupunguza mwitikio, kwa hiyo kliniki huomba zisimamishwe kwa siku mbili hivi, na pombe vilevile. Amitriptilini au gabapentini ya maumivu ni habari nyingine: hizo zisikatizwe kwa kujiamulia, hasa gabapentini, ambayo kuiacha ghafla kuna madhara.

Sasa kinachotutia wasiwasi zaidi. Chumba cha kupima masikio kimezoea watu wa miguu miwili. Mtu wa mguu mmoja aliyezungushwa kichwa huanguka, na akiangukia kigutu, kovu linaweza kupasuka. Kitanda kiwe na vizuizi pembeni, breki za kiti cha magurudumu zifungwe, beseni la kutapikia liwe karibu, na asiamke kabla ya kutulia kabisa. Nusu saa si nyingi. Baada ya hapo asipande bodaboda, wala asisimame kwenye mwendokasi akiwa ameshika bomba. Aje na mtu wa kumsindikiza, apande bajaji au gari. Chakula kizito kabla ya kipimo ni kujitafutia matapishi.

Halafu utajuaje kama imesaidia? Mgonjwa aseme maumivu yake kwa namba, sifuri mpaka kumi, kabla ya maji, dakika kumi baada ya kizunguzungu kuisha, jioni, na kesho yake asubuhi. Kliniki makini inaweza kwenda mbele zaidi: siku moja imimine maji ya nyuzi 37 bila kumwambia mgonjwa ni ya joto gani, kwa ridhaa aliyoitoa mwanzoni. Maji ya joto la mwili hayautikisi mrija. Namba ikishuka kwa maji hayo sawasawa na ilivyoshuka kwa ya baridi, basi kilichosaidia ni kupumzika, kushughulikiwa na matumaini. Mtoa huduma anayekataa hata kuandika namba anauza maji tu. Na bima? Kipimo hiki kimezoeleka kwa kizunguzungu, hakijazoeleka kwa maumivu ya kiungo kilichokatwa, kwa hiyo uliza kabla ya kulala kitandani. Tafadhali, kujimiminia nyumbani kwa sirinji na maji ya friji kusijaribiwe.

Kifaa cha betri hakihitaji maneno mengi. Maabara hubandika pedi mbili, moja kwenye mfupa wa nyuma ya kila sikio, na kupitisha umeme wa kama miliampea 1, na mwili unayumba kuelekea upande wa pedi chanya. Ni chombo kizuri cha utafiti. Vya kununuliwa mtandaoni ni shida: mara nyingi hakuna kinachokuhakikishia umeme unaotoka ni kiasi gani, pedi ikikauka umeme unakusanyika sehemu moja na kuunguza ngozi, na mwenye kifaa cha moyo yuko hatarini. Wako pia wanaochukua mashine ya kawaida ya umeme wa misuli, ile ya kubandika mgongoni, na kuihamishia nyuma ya masikio. Haikutengenezwa kwa kichwa. Ikae mbali na kichwa.

Tuje kwenye kioo, ambacho huonyesha mguu mzima kana kwamba ndio ule usiopo. Mtafiti wa ubongo Ramachandran alikitumia Marekani miaka ya 1990, na mwaka 2007 yakachapishwa majaribio ya waliokatwa mguu mmoja: dakika 15 kila siku kwa wiki nne, na waliotazama kioo walipata nafuu kuliko waliofunikiwa kioo au waliofumba macho na kuwaza tu. Walikuwa wachache, lakini kwa gharama ya kioo na hatari yake ndogo, kinastahili kutangulia.

Fundi vioo wa Kariakoo au wa mtaani kwako anakikata mara moja. Kwa mguu wa mtu mzima agiza sentimita 120 kwa 40, unene milimita 4. Kitakuwa na uzito wa karibu kilo 5, hivyo kinahitaji plaiwudi ya milimita 12 nyuma na miguu miwili ya kukisimamisha. Cha akriliki ni chepesi, chini ya nusu ya uzito huo, ila kisipoegemezwa kwenye ubao hupinda na mguu unaonekana umevimba katikati. Kingo zisuguliwe, kisha zizungushiwe utepe. Gundi iangaliwe sana: silikoni yenye harufu ya siki hula rangi ya nyuma, na baada ya muda madoa meusi yanatokea katikati ya picha. Mwambie fundi atumie silikoni isiyo na asidi au utepe wa gundi wa vioo.

Mgonjwa akae kitandani, miguu imenyooshwa, kioo katikati, uso wa kioo ukielekea mguu mzima, na kigutu kisionekane kabisa. Avue soksi, saa, cheni ya mguuni. Akisogeze kioo mpaka mguu wa kiooni ukae pale pale anapouhisi mguu usiopo. Kikiinama kidogo tu, mguu unaonekana pasipo pake na ubongo unaukataa. Kisha kifundo juu na chini, vidole kukunja na kukunjua, polepole, huku akijaribu kuusogeza na ule usiopo. Mguu usiopo ukiwa umeganda, siku za kwanza atazame tu. Kwenye majaribio yale ya 2007 wapo walioshikwa na majonzi walipouona mguu, kwa hiyo mwanzoni mtu wa karibu awepo. Maumivu yakizidi mfululizo, asimamishe na amwone mtaalamu wa mazoezi tiba. Taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili na hospitali ya CCBRT Msasani ni mahali pa kuulizia.

Kuna kundi moja ambalo mpangilio wetu hauliwezi: waliokatwa miguu yote miwili, wengi wao kwa kisukari, na wasioona. Kioo hakina cha kuwaonyesha. Sikio la ndani wanalo, na halihitaji mguu wa pili wala jicho. Kwa hao, maji ya sikioni yanapanda daraja, na tungependa kuona idara za masikio na za viungo bandia zikikaa meza moja kwa ajili yao: joto la maji likiwa limepimwa, namba zikiandikwa, na msindikizaji akisubiri mlangoni.