Barbados kwa dola tatu na nusu: uzoefu wangu wa kupanda ZR meli ilipofunga gati Bridgetown

Ziara ya kuzunguka kisiwa iliyokuwa inauzwa melini ilikuwa dola 89 kwa kichwa. Mimi na shangazi yangu ingekuwa dola 178 za Kimarekani, saa tatu na nusu ndani ya basi la kiyoyozi, mtu anakuonyesha vitu kupitia kioo. Nilimtafsiria shangazi lile tangazo usiku tukiwa tunakula. Akasikiliza hadi mwisho, akafuta mdomo, akauliza: "Kwani huko hakuna daladala?"

Zipo, tena Hiace kama zetu. Zinaitwa ZR, na naeleza hapa tulivyozipanda, zilipotupendeza na zilipotukera, kwa yeyote ambaye meli yake ya kitalii itapita Barbados, kisiwa cha Karibi, na hataki kushinda kwenye msafara wa kundi.

Kwanza mjue hali yetu. Shangazi ana miaka 67, ni mtu wa Tanga, magoti yanamsumbua ila hapendi kuambiwa. Alikuja kunitembelea Houston, nikamchukua kwenye safari ya siku saba iliyoanzia San Juan, Puerto Rico. Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, tulifunga gati saa mbili asubuhi na mwisho wa kurudi melini ulikuwa saa kumi na nusu jioni. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita za mraba 431. Unguja ni karibu mara nne yake. Umbali si shida. Shida ni nani anakupeleka, na kwa bei gani.

Kutoka gatini kuna basi la bure hadi jengo la abiria. Ukishapita maduka ya saa, vito na ramu unakutana na watu wa teksi. Si wasumbufu, ila ni wengi na kila mmoja ana ziara yake kichwani. Tukawaambia asante, tunatembea. Hadi katikati ya mji ni kama kilomita moja na nusu, barabara tambarare, bahari mkono wa kulia. Mwenye miguu yake ni dakika ishirini. Sisi tulitumia thelathini na tano, kwa sababu Pelican Village, penye maduka ya kazi za mikono, pako njiani, na shangazi aliuliza bei ya kila kikapu bila nia ya kununua hata kimoja. Tokeni mapema, kufika saa nne jua limeshakuwa kali na kivuli njia ile ni cha kutafuta.

Mjini nilitoa pesa kwenye mashine ya benki, dola za Barbados. Hili lishikeni, maana ndilo lililokuja kunitokea puani jioni: wana dola yao, na tangu 1975 dola moja ya Marekani ni dola mbili za kwao. Madukani na hata kwenye ZR wanapokea za Marekani pia. Kwa hiyo mtu akikutajia "ishirini", bado hujajua bei.

Kabla ya kupanda gari nilitaka shangazi aone mbuyu. Tulipita uwanja wa mashujaa, mbele ya Bunge, pale ambapo sanamu ya Nelson, amiri wa jeshi la majini la Uingereza, ilisimama tangu 1813 hadi ilipoondolewa Novemba 2020, mwaka mmoja kabla nchi haijawa jamhuri. Ukiendelea kwa miguu unafika Queen's Park, na mbuyu ni huo hapo, mnene kiasi kwamba shina lake linazidi mita 18 ukilizungushia kamba. Maelezo ya pale yanasema ulitoka Guinea, Afrika Magharibi, kwenye mwaka 1738. Shangazi akaweka kiganja kwenye gome kama anayempima mtoto homa. "Mwanangu, na huu nani kauleta?" Nikamwambia mwaka ule meli zilizokuwa zinatoka Guinea kuja huku hazikuwa za kitalii. Hakusema kitu. Aliuzunguka mbuyu mzima polepole, akarudi aliposimama mwanzo, akasema twende.

Sasa ZR. Ni Hiace nyeupe zenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, na jina limetokana na namba ya gari, inaanza na herufi hizo mbili. Yapo pia mabasi madogo ya njano ya watu binafsi, na makubwa ya bluu ya serikali. Nauli ya yote ni moja, dola 3.50 za Barbados, uende kituo kimoja au mwisho wa njia. Sisi tulihitaji namba 11, inayofuata pwani ya kusini kupitia Hastings, Worthing na Oistins hadi Silver Sands. Inapakia stendi ya mtoni, jirani na Fairchild Street, na hutaulizia mara mbili kwa sababu konda anakuona kabla hujamwona. Wetu alikuwa kijana mwembamba, noti kazikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, vilevile kama konda wa Mbagala. Akamtazama shangazi, akatazama magoti, akamtoa mvulana aliyekaa mbele karibu na dereva na kumpisha mama akae. Hakuambiwa na mtu.

Mimi nilienda nyuma, na huko mambo ni mengine. Siti ya watu watatu inakaliwa na wanne, kiti cha kukunja kinafunguliwa, wa mwisho anaingia kiubavu. Spika iko chini ya siti, kwa hiyo muziki unaanzia kwenye uti wa mgongo ndiyo unafika masikioni. Dereva anaendesha kama aliyeacha jiko linawaka nyumbani. Wanapita kushoto kama sisi, angalau hilo halikunitia kizunguzungu. Lakini katika msongamano ule akapanda mama mmoja wa makamo na kapu lake, akasimama mlangoni, akasema "Good morning" kwa gari zima, na gari zima likaitika, hadi vijana wenye visikio. Ndivyo wanavyofanya, kila anayepanda. Kiingereza cha shangazi ni "good morning" na "thank you", basi. Kuanzia gari la pili akawa anasalimia kabla mguu haujafika ndani, na akaitikiwa kila mara. Aliniambia baadaye kwamba Houston amekaa wiki tano hajaitikiwa hivyo na mtu asiyemjua.

Hadi Oistins ilituchukua kama nusu saa na kidogo, dakika kumi kati ya hizo tukiwa stendi tunangoja gari lijae. Hapo ndipo ZR inakera: haiondoki hadi ijae, na ikishajaa bado inatafuta. Mara mbili dereva aliacha barabara kuu akaingia uchochoroni kumfuata abiria aliyepunga mkono kwa mbali. Kama una haraka utatokwa jasho la bure.

Oistins ni mji wa wavuvi. Wengi huenda Ijumaa usiku, wakati wa samaki wa kuchoma na muziki, ila meli nyingi zinakuwa zimeshaondoka. Mchana pametulia zaidi na unawaona wanawake wakipaa samaki sokoni, kisu kinapita mgongoni na miba inatoka yote kama zipu. Samaki wao wa taifa ni yule anayeruka juu ya maji, ambaye sisi tunamwita panzi. Tulikula panzi wa kukaanga na vipande vya shelisheli la kuchoma, na pilipili ya manjano ambayo inataka heshima. Shangazi akaagiza mauby, kinywaji baridi kinachopikwa kwa magome ya mti. Mimi nilikunywa funda moja nikaona mwarobaini umetiwa sukari. Yeye alimaliza cha kwake, akamaliza na changu, akasema hiyo ni dawa na watu wa huku wana akili.

Kurudi kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Vibao vya vituo vimeandikwa maneno mawili tu, cha kuelekea mjini na cha kutoka mjini. Simama upande sahihi, hata hujainua mkono ZR imeshakupigia honi. Tulishuka Rockley, ufuo ambao wenyewe wanauita pia Accra, tukatembea kando ya bahari juu ya njia ya mbao hadi Hastings. Ni kama kilomita moja na ushee, kuna viti vya kupumzika na upepo mzuri. Hiyo sehemu ningewashauri hata wasiopenda kutembea. Kuna kitu kimoja cha kuangalia ufukweni: miti yenye alama nyekundu shinani au kibao cha onyo. Ni mansinili, ina utomvu unaounguza ngozi, na tunda lake linafanana na tufaha dogo lakini ni sumu. Mvua ikikukuta usijikinge chini yake.

Pale Hastings nilitaka tupande basi la bluu ili shangazi anyooshe miguu. Mengine siku hizi ni ya umeme, yanapita kimya kama kivuli, na wanafunzi waliovaa sare hawalipi. (Nilimweleza shangazi habari ya sare, akakumbuka wajukuu zake wanavyofukuzwa mlangoni na makonda, akasonya.) Ila basi la bluu halirudishi chenji, lazima uwe na nauli kamili tena ya pesa ya kwao, na sisi tulikuwa na noti ya ishirini. Lilipita moja tukaliangalia tu. Nyuma yake zikaja ZR tatu zimefuatana.

Tukashuka Carlisle Bay. Kwa ufukwe, sikuona sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapo: maji yametulia, mchanga safi, mjini karibu, na kasa wapo. Ukitaka kuwaona karibu boti zipo, unalipia. Sisi tulilipia viti viwili na mwavuli, nikaogelea, shangazi akakaa na maji yakimfika magotini karibu saa nzima, akasema magoti yameacha kuuma. Hayakuwa yameacha.

Saa tisa na robo nikasema tuondoke. Meli huwangoja waliotoka na ziara zake; uliyetoka kivyako ukichelewa ni juu yako. Safari ya ZR hadi stendi kisha kutembea tena hadi bandarini isingewezekana na yale magoti, kwa hiyo nikasimamisha teksi. Teksi zao hazina mita. Dereva akasema ishirini, na mimi, niliyewaonya nyie hapo juu kana kwamba ninajua, nikaingia. Tulipofika getini nikampa dola ishirini za Barbados. Akacheka kidogo, akasema ishirini za Marekani. Mara mbili ya nilivyodhani, kwa mwendo wa dakika kumi. Tukabishana, kwa adabu lakini tukabishana, hadi shangazi akauliza kwa Kiswahili kuna nini. Nikamweleza. Akafungua pochi yake, akatoa noti ya kumi ya Barbados iliyobaki kwenye chenji za asubuhi, akaiweka juu ya ile yangu, akamwambia dereva "Thank you" kwa sauti ya mtu aliyemaliza mazungumzo, akashuka. Dereva akanitazama. Nikashuka na mimi.

Kwa hiyo hesabu ya usafiri: safari tatu za ZR kwa watu wawili ni dola 21 za Barbados, na teksi 30. Jumla 51, yaani dola 25 na nusu za Marekani, kulinganisha na zile 178. ZR naipa nyota nne. Nimekata moja kwa kusubiri kujaa na kwa mwendo wa dereva wa kwanza. Mwenye mtoto mdogo na kigari chake cha kusukuma, au asiyeweza kupanda ngazi ya Hiace, asijaribu. Huyo akubaliane na teksi mapema, aulize bei, kisha aulize dola za wapi. Na anayetaka kuona Bathsheba, upande wa mashariki wenye mawimbi makubwa, kuna basi la bluu kutoka Fairchild Street. Wazee wawili wa melini kwetu walilipanda wakasifu sana mandhari, lakini walirudi mbio wakiwa wamebakiza dakika kumi na tano, uso wa mama wa watu umegeuka rangi. Ningeenda huko kama meli inalala.

La mwisho kwa wenye vijana: nguo za mabaka ya kijeshi ni marufuku kisheria kwa raia Barbados, hata kaptula ya mtoto. Ziacheni chumbani.

Usiku, meli imeshaondoka, nilimkuta shangazi kitandani ana sarafu ya dola moja ya Barbados anaigeuza chini ya taa. Ina pembe saba, na upande mmoja amechorwa yule samaki. Nikamwambia kesho tunaweza kuibadilisha. "Ubadilishe ya kwako," akasema. "Hii inakwenda Tanga. Nikiwaambia nimekula panzi ng'ambo wataniambia nimezeeka."