Tathmini: ShredOS kwa Kompyuta za Taasisi Zinazounganishwa

Tangu Serikali ya Tanzania ilipotangaza, Desemba 2023, kuunganisha na kufuta baadhi ya taasisi za umma, swali moja halijapewa uzito unaostahili: kompyuta zilizojaa mafaili ya mishahara, matibabu na nidhamu za watumishi zinakwenda wapi?

ShredOS ni programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi, ambayo hutumia nwipe, yaani programu ya kufuta data, kuandika upya juu ya kila sehemu ya diski inayofikika. Kwa diski za kuzunguka inafanya kazi barabara. Mzunguko mmoja wa kuandika upya wenye uhakiki unatosha, na ile njia ya mizunguko 35 iliyomo kwenye menyu ni kupoteza umeme tu. Nilichokipenda zaidi ni ripoti ya PDF yenye namba ya kila diski, kwa kuwa mkaguzi akija hataridhika na neno la fundi.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye diski za SSD, zile za chipu zisizozunguka, ambazo huweka akiba ya nafasi zisizofikiwa na uandishi huo, hivyo data nyeti inaweza kusalia humo hata baada ya ripoti kusema kazi imekamilika. Hizo zinahitaji amri ya ufutaji ya mtengenezaji, au kusagwa.

Programu hii, bila shaka, haitambui kumbukumbu zinazopaswa kuhifadhiwa. Ofisi izihamishe na kuzihakiki kwanza, kwa ushauri wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ndipo fundi aguse kitufe.