Kliniki ya afya ya akili, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu: nyota 3 kati ya 5

Nampeleka mdogo wangu hapa kila mwezi kuchomwa sindano. Muuguzi wa kliniki namsifu kwa moyo wote: anamwita kwa jina, anamshika mkono unaotetemeka, anamuuliza kama analala, ndipo anafungua faili. Lakini mtetemeko huo unaletwa na dawa, na daktari bingwa wa kuipitia upya hayupo. Tunaambiwa tusubiri aje kutoka Dar. Inaniuma sana. Najua bingwa hapatikani kwa siku moja: udaktari miaka 5, utarajali (mazoezi ya kazi hospitalini) mwaka 1, kisha kusomea ubingwa Muhimbili miaka 3 mingine. Basi Serikali isomeshe madaktari wa huku huku mikoani, na wakirudi wapewe nyumba na posho wasihame. Mkija, fikeni saa moja asubuhi. Foleni ya dirisha la dawa ni ndefu.