Uzoefu Wangu wa Kubeba Vidonge vya Kutibu Maji Mlimani

Vidonge ninavyovitumia ni Aquatabs, ambavyo kiambato chake ni NaDCC, kemikali inayotoa klorini mara inapokutana na maji. Sifa hiyo ndiyo inayovipa manufaa, na ndiyo hiyo hiyo inayovifanya viharibike upesi vikihifadhiwa vibaya, kwa maana unyevu ulio ndani ya begi huamsha klorini kama yanavyofanya maji ya chupa. Nimevibeba katika safari za mlimani, ikiwemo njia ya Machame ya Kilimanjaro, na ninavipendekeza kwa dhati, ila kwa sharti moja: nunua ukubwa unaolingana na chupa yako.

Vinavyopatikana kwa wepesi katika maduka yetu ya dawa ni vya miligramu 67, vilivyokusudiwa dumu la lita 20 la nyumbani. Mpandaji mwenye chupa ya lita moja hushawishika kukivunja kidonge vipande na kuvifunga vilivyobaki katika karatasi. Kipande kilichokwisha kufunguliwa hunyonya unyevu na kupoteza nguvu kidogo kidogo, wala hakuna awezaye kujua kwa macho kimebakiwa na klorini kiasi gani. Tena harufu yake huingia katika nguo na chakula, na vitu vya chuma vilivyo karibu hushika kutu. Vidonge vya miligramu 8.5, kimoja kwa lita moja ya maji maangavu, huondoa shida hiyo yote, kwa kuwa kila kimoja hufunguliwa pale pale kinapotumika. Ni vigumu zaidi kuvipata, lakini inafaa kuvitafuta mapema kabla ya safari.

Kinga halisi ya kidonge ni ile karatasi ya alumini iliyokizunguka. Kwa hiyo sivitoi kamwe na kuvimimina katika kichupa ili kupunguza nafasi, wala siikunji pakiti, kwa sababu alumini ikikunjwa hupata nyufa ndogo zisizoonekana. Ninapokata sehemu ya kubeba, mkasi hupita kwenye nafasi iliyo kati ya kidonge na kidonge, bila kufungua mahali palipogandishwa kukizunguka kila kimoja, na ninachukua upande wenye tarehe ya mwisho wa matumizi. Vipande hivyo hulala bapa ndani ya kikopo kigumu chenye kifuniko kinachobana, jambo linalofaa zaidi katika siku ya kwanza ya Machame, ambapo njia hupita msituni na mvua inaweza kulowesha begi zima. Kikopo hukaa katikati ya nguo, si katika mfuko wa juu unaopigwa na jua, na akiba nyingine hubebwa na mwenzangu, ili begi moja likipotea tusikose vyote. Nyumbani huviweka mahali pakavu, penye ubaridi, pasipofikiwa na watoto. Visichanganywe na dawa za kumeza hata kidogo: gizani, ndani ya hema, ni rahisi mno kumeza kidonge kisicho dawa.

Idadi ya kubeba haipatikani kwa kuhesabu lita pekee. Maji yenye tope huchujwa kwanza kwa kitambaa safi na huhitaji dozi maradufu, hivyo ninaongeza akiba kwa ajili ya hali hiyo. Karanga, katika njia hiyo ya Machame, ni mahali pa mwisho pa kuchota maji kabla ya kambi ya Barafu, na maji ya huko juu ni baridi sana, nayo klorini hufanya kazi polepole katika baridi. Badala ya kungoja dakika 30 za kawaida, mimi hungoja saa nzima. Unga wa matunda wa kuondoa ladha ya klorini, hasa wenye vitamini C, hutiwa baada ya muda huo tu, maana huiua klorini kabla haijamaliza kazi.

Vidonge hivi haviui Cryptosporidium, kijidudu kinachostahimili klorini. Panapolishwa mifugo upande mto unakotoka ninachemsha maji, au ninayapitisha kwanza katika chujio lenye matundu ya maikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita) au chini yake.