Unga wa Trichoderma madukani Bukavu: mzuri kitaluni, hauponyi kilichokwisha nyauka

Ukiukuta unga huu kwenye duka la pembejeo, mara nyingi umepangwa rafu moja na dawa za kupulizia, na hapo ndipo mnunuzi anapopotea. Trichoderma ni kuvu hai, kiumbe cha jamii ya ukungu, inayotiwa kukinga mimea na magonjwa. Anayeimwagia nyanya zilizokwisha lala chini atarudi dukani kugomba, na muuzaji hatakuwa na la kumjibu.

Udongoni, kuvu hii hujizungusha kwenye nyuzi za kuvu haribifu kama Rhizoctonia, huziyeyusha kuta kwa vimeng'enya, tena huzinyang'anya chakula. Lakini kazi tunayoilipia hasa iko ndani ya mmea. Inapopenya tabaka za nje za mzizi, mmea hushtuka: huimarisha kuta za seli kwa kalosi na fenoli, vitu vyake vya kujikinga, huongeza kitinasi, kimeng'enya kinachokata kuta za kuvu, kisha hupeleka habari mpaka majanini kwa homoni zake, asidi ya jasmoni na ethilini. Kwa macho huoni kitu. Ugonjwa ukifika ndipo majani yanajibu upesi kuliko ya mche ambao haukutiwa unga. Kwa hiyo unga lazima uutangulie ugonjwa.

Kabla ya kulipa, geuza pakiti utafute herufi UFC/g, yaani idadi ya mbegu hai za kuvu kwa gramu. Milioni 100 na kuendelea ni sawa. Hakuna namba, hakuna tarehe? Rudisha. Pakiti iliyokaa dirishani ikipigwa jua, hata iwe ya bei rahisi, iache.

Ukiwa na wasiwasi, pima kwa wali. Pika wali usio na maji, uache upoe, ugawe kwenye chupa mbili za mdomo mpana zilizochemshwa. Moja tia unga wa kujaa ncha ya kijiko, nyingine usitie kitu. Funika zote kwa kitambaa safi, weka kivulini. Unga mzima hutoa kwanza utando mweupe, halafu baada ya wiki moja hivi, maana baridi yetu huchelewesha, hugeuka kijani. Aina nyingine hunukia nazi kabisa. Chupa zote mbili zikiwa kijani, huo ni ukungu wa jikoni tu, anza upya.

Matumizi yenye faida ni mbegu na kitalu. Kwa maharage, gramu 4 hadi 10 kwa kilo ya mbegu: lowanisha kidogo, changanya kivulini, panda siku hiyohiyo. Pakiti ya gramu 100 inatosha angalau kilo 10, kwa hiyo mwenye bustani ndogo hana haja ya mfuko mkubwa utakaomfia ndani. Mbegu zilizopakwa rangi nyekundu au ya waridi kwa kawaida zimekwisha tiwa dawa ya kuvu. Unga juu yake ni hasara.

Kwa samadi, kilo 1 kwa kilo 100 ya samadi iliyooza vizuri. Ikiwa bado ina moto ndani, ngoja. Nyunyizia maji mpaka ukiikamata mkononi ishikane bila kuchuruzika, funika kwa majani ya migomba, geuza kila siku 3, na baada ya wiki moja au mbili itie mashimoni jioni. Lebo ikitoa kipimo kingine, fuata lebo, kwa sababu nguvu za unga hazilingani. Maji ya bomba yenye klorini yalaze usiku kucha kwenye ndoo wazi. Udongo wenye asidi kidogo hauisumbui kuvu hii, ila majivu na chokaa visiingie shimo lilelile siku ileile.

Kabendazimu, dawa ya kuua kuvu, huiua Trichoderma pia; ukishaimwaga shambani, acha zipite wiki mbili kabla ya kutia unga. Mildiyu ya viazi, ugonjwa unaounguza majani wakati wa mvua, haizuiliki kwa unga wa udongoni peke yake. Na nyanya ikinyauka ghafla ingali kijani, kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi: nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, hiyo ni bakteria. Ng'oa mche, weka pesa yako mfukoni. Mnyauko wa bakteria wa migomba nao ni hivyohivyo: unga hausaidii.

Chembechembe za mikoriza, kuvu wanaoishi na mizizi na kuilisha, ni bidhaa nyingine, ingawa wauzaji huzichanganya na Trichoderma. Hizo huusaidia mzizi kupata fosforasi iliyokamatwa na udongo mwekundu, na vitunguu huzipenda sana. Sharti ziguse mzizi, si kutupwa juu. Na ukijaza DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi, shimoni mmea hauzipokei vizuri. Kwa kabichi usizinunue kabisa: jamii yake haishirikiani na mikoriza hiyo.