Kufungua Mwaka wa Masomo ya Nyumbani Ndani ya Fort Jesus

Kwa mzazi anayewasomesha wanawe nyumbani, siku ya kwanza ya mwaka ina mtihani wake. Mtoto wa jirani huamka alfajiri, akavaa sare mpya iliyoshonwa kubwa kidogo makusudi ili imfae hadi mwakani, akapita langoni mwa shule na kuona kwa macho yake kwamba mwaka umebadilika. Wangu huamka wakanywa chai kwenye meza ileile waliyofungia muhula wa tatu, na mwalimu anayewangoja ni mimi yuleyule, na leso ileile kiunoni. Asipofanyiwa jambo la kumwonyesha kuwa kuna mlango ameuvuka, mtoto huuona Januari kama Novemba iliyopumzika kidogo.

Ndiyo maana kila mwaka tunatafuta mahali pa kuufungulia mwaka kama familia. Haya ni maoni yangu kuhusu mahali tulipopachagua Januari hii, yaani Fort Jesus ya Mombasa, nikiwaandikia hasa wazazi wenye watoto wa umri wa shule ya msingi wanaojiuliza kama ngome ya kale inaweza kubeba shughuli ya namna hiyo, au kama ni mahali pa watalii tu pa kupigia picha na kuondoka.

Nianze na tulikotoka. Mwaka wa kwanza tuliagiza keki kwa mwokaji mmoja wa mtaani, nikamwomba aandike majina ya watoto na gredi wanazoingia. Ilifika saa nane mchana, watoto wamekwisha kununa, na juu yake imeandikwa salamu za siku ya kuzaliwa za mtu tusiyemjua. Tuliila, kwa sababu keki ni keki. Mwaka wa pili tukawapeleka kwenye ukumbi wa michezo ndani ya jengo moja la maduka, ambako mzazi hulipa kwa saa na muziki haukatiki. Watoto walifurahi, sikatai, lakini walirudi hoi, wakalala bila kuoga, na asubuhi yake walipofungua madaftari hapakuwa na uzi wowote unaoiunganisha jana na leo. Ile ilikuwa sherehe ya kufunga mwaka, haikuwa ya kuufungua.

Safari hii nilitaka mahali penye mambo matatu: pawe na mlango wa kweli wa kupita, pawe na jambo la kuanzia somo, na pasitumalizie bajeti ya vitabu. Tunaishi Likoni, kwa hiyo safari yenyewe ilianza na feri, ambayo mtu wa miguu halipi, kisha tuktuk hadi mlangoni. Tulikuwa sita: mimi na baba watoto, mama mkwe wangu, binti wa miaka kumi na mmoja, kijana wa miaka tisa na kitindamimba wa miaka sita. Viingilio vya raia, wakazi na wageni vinatofautiana, na watoto hulipa chini ya watu wazima. Tulilipa kwa simu, na jumla yetu ilikuwa ndogo kuliko malipo ya saa mbili za ule ukumbi wa mwaka jana.

Kuhusu wakati wa kwenda, naomba nisisitize. Januari ni msimu wa kaskazi, jua la Mombasa halina mzaha, na mawe ya ngome hulihifadhi joto kama jiko la mkaa. Tuliingia saa mbili na nusu asubuhi, tukawa tumemaliza sehemu za juu kabla ya saa nne, na muda uliobaki tukautumia vyumbani na kwenye vivuli. Familia tuliyokutana nayo ikiingia wakati sisi tunatoka, saa sita kasoro, ilikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na nilimwonea huruma mama yake.

Sasa mlango. Ngome hii ilianza kujengwa mwaka 1593 na kukamilika 1596, kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alitawala Ureno pia, na mchoro wake ni wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Mtu huingia kwa kupita njia nyembamba chini ya kuta nene, giza kidogo, kisha ghafla uwanja unafunguka mbele yake na mwanga unampiga usoni. Nilikuwa nimewaambia watoto wasimame nje, nikawapa kila mmoja daftari jipya ambalo hajaliandika hata herufi moja, na nikawaambia kwamba atakayepita pale amekwisha ingia gredi mpya. Kitindamimba alipita, akarudi nyuma, akapita tena. Nilipomuuliza sababu, alijibu, “Mama, nilikuwa nahakikisha imeingia.” Kwa hilo pekee, nauli yangu ilikuwa imelipika.

Kiongozi wa wageni aliyetutembeza alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, na jambo la kwanza alilolifanya lilinipendeza kuliko hotuba yoyote. Aliwapeleka watoto ukutani akawaambia wauguse kwa viganja. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe, na ukiinama karibu unaona alama za viumbe wa baharini zilizoganda ndani ya jiwe: mistari inayojipindapinda kama ubongo, matundu madogo yaliyopangika kama masega ya nyuki, kipande cha kombe hapa na pale. Binti yangu aliweka karatasi juu ya jiwe moja akaisugua kwa penseli, na sura ya tumbawe ikajitokeza kidogo kidogo. Ukurasa huo ndio wa kwanza katika daftari lake la sayansi la mwaka huu, na sikuupanga mimi.

Historia ya kuzingirwa kwa ngome ndiyo iliyotupatia hesabu. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo wakaitwaa kutoka kwa Wareno. Kijana wangu wa miaka tisa, ambaye nyumbani hukimbia hesabu kama anavyokimbia sabuni, alikaa kwenye ngazi akahesabu kwa vidole: miezi thelathini na mitatu. Kisha, bila kuambiwa, akaigeuza kuwa mihula ya shule, akapata minane na ziada. “Yaani wangefungiwa humu tangu mimi niko gredi ya kwanza mpaka sasa?” Baba yake akamwambia, ndiyo mwanangu, na bila ya feri ya kurudi Likoni. Mazungumzo yakahamia kwenye maji ya kunywa, chakula na maradhi, na nikaona kwamba somo la historia limejianza lenyewe, hali mimi bado sijafungua kitabu.

Chumba cha vitu vilivyotolewa baharini kinaendeleza kisa hichohicho. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyokuja wakati ngome imezingirwa, ilizama chini ya ngome mwaka 1697, na mabaki yake yakaanza kuchimbuliwa baharini mwaka 1977. Kwa watoto wa Mombasa wanaovuka maji kila wiki, kujua kwamba chini ya bahari wanayoitazama kulilala merikebu nzima kwa karibu miaka mia tatu ni jambo lisilohitaji kutiwa chumvi. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kuingia humo tangu azaliwe ingawa amepita nje yake maisha yake yote, alisimama mbele ya kabati la kioo kwa muda mrefu kuliko sisi sote. Alituambia kwamba utotoni mwake ngome ilikuwa jela, na mtoto mtundu alitishiwa kwayo. Ni kweli: Waingereza waliigeuza kuwa gereza mwaka 1895 na ikabaki hivyo hadi 1958. Wajukuu walimzunguka bibi yao wakamwacha kiongozi, naye kwa busara akanyamaza akasikiliza pamoja nao.

Kilichowashika zaidi, hata hivyo, ni kipande cha ukuta kilichochorwa na askari wa Kireno kwa mkaa na udongo mwekundu. Kuna merikebu, samaki, na watu waliovaa deraya, michoro ya watu waliochoka kungoja, isiyo na ufundi mkubwa. Kitindamimba aliitazama kwa makini kisha akanigeukia kwa uso wa mtu aliyeonewa, kwa sababu mwezi uliopita nilimkanya vikali kwa kuchora pikipiki kwenye ukuta wa sebule. Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia kwamba hawa nao huenda walikanywa na mkubwa wao, akaniuliza basi kwa nini hakuna aliyewafutisha. Wazazi wenye watoto wa umri huo na wajiandae.

Niseme na yale ambayo mzazi anapaswa kuyapima kabla ya kwenda. Ngome ilijengwa kwa ajili ya vita, haikujengwa kwa ajili ya watoto. Juu ya buruji, yaani zile pembe za ukuta zilizochomoza nje, na kando ya mizinga kuna mahali ambapo mtoto mdogo lazima ashikwe mkono muda wote, na ngazi za mawe zimelainishwa na nyayo za karne nne, kwa hiyo viatu vya kuteleza viachwe nyumbani. Mtoto wa chini ya miaka mitano atafurahia mizinga na mifupa ya nyangumi, kisha atataka kubebwa. Mzee mwenye magoti mabovu ataona sehemu kubwa ya vyumba vya maonyesho bila kupanda, lakini buruji atazikosa. Maji ya kunywa mchukue mengi kuliko mnavyodhani. Pia si mahali pa kusherehekea kwa puto na muziki. Anayetaka shangwe za namna hiyo atavunjika moyo, na watu wengine waliokuja kutazama watamkasirikia.

Kosa letu kubwa lilikuwa letu wenyewe. Nilikuwa nimeandaa karatasi ya maswali ishirini, kwa tabia ya ualimu, nikitarajia wayajibu wakizunguka. Kufikia swali la sita nilikuwa nakimbizana nao kama msimamizi wa mtihani, binti yangu ameanza kujibu kwa neno moja moja, na baba watoto akaninyang'anya karatasi taratibu akaikunja akaitia mfukoni. Kuanzia hapo siku ilipumua. Kama mtakwenda, iacheni karatasi nyumbani.

Chakula hatukula mle ndani. Nilikuwa nimebeba mahamri na mbaazi za nazi kwenye bakuli lenye mfuniko, pamoja na chupa ya chai ya tangawizi, na tulikwenda kula kwenye bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, chini ya mibuyu, tukizitazama meli zikiingia bandari ya Kilindini. Jioni wauzaji wa mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu hujipanga pale, na madafu hayakosekani. Lakini sisi tulikuwa na mtoto wa miaka sita mwenye usingizi, kwa hiyo tuliondoka mapema. Ukilinganisha na mkahawa wowote wa mjini, mlo ule ulitugharimu unga, nazi, mbaazi na kazi ya mikono yangu tangu saa kumi alfajiri, ambayo nayo ni gharama, msije mkadanganywa na wanaosema chakula cha nyumbani ni cha bure.

Nikiulizwa kama nitarudi, jibu ni ndiyo, ila si kila Januari, kwa kuwa mlango ukipitwa kila mwaka kwa namna ileile huzoeleka kama mlango wa jikoni. Kwa familia yenye watoto kati ya miaka sita na kumi na mitatu, inayoishi Mombasa, Kwale au Kilifi, naipendekeza bila kusita kwa mwaka wa kwanza wa masomo ya nyumbani, au mwaka ambao mtoto anaanza historia kwa uzito. Kwa anayetoka Nairobi kwa siku moja ya sherehe tu, safari ni ndefu mno; aifanye wakati wa likizo.

Jambo la mwisho tulilolifanya mle ndani, kabla ya kutoka kwa mlango uleule, lilikuwa kukaa kwenye kivuli na kila mtu, wazazi na bibi wakiwemo, kuandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari swali moja ambalo hajui jibu lake. Binti aliandika kuhusu umri wa matumbawe. Kijana aliuliza Waomani walilipwa na nani kwa miezi yote ile. Mama mkwe alitaka kujua majina ya wafungwa. Kitindamimba, ambaye bado huandika herufi kubwa na ndogo kwa kuchanganya, alichukua muda mrefu, ulimi nje, akaandika: “nani aliKuwa aNafuA ngUo za askari.” Kiongozi wetu alisoma, akacheka, akajikuna kichwa, akasema kwamba kwa miaka yote aliyofanya kazi pale hajaulizwa hilo. Alimwahidi kulitafuta. Kila asubuhi tangu siku hiyo, kabla ya chai, naulizwa kama amepiga simu.